Muhula Mmoja wa Nadharia za Uhusiano wa Kimataifa: Je, Ada Imerudi?

Nina miaka 11 kwenye kazi ya uwakala wa forodha. Minne ya mwanzo niliifanyia Kasumulu, mpakani na Malawi. Iliyobaki nipo hapa Dar es Salaam, ofisi yetu iko Kurasini, na milio ya malori ya bandarini inatuingilia dirishani mchana kutwa. Mwaka jana nilijiandikisha shahada ya uzamili ya jioni katika uhusiano wa kimataifa, na somo la kwanza la lazima lilikuwa hili la nadharia. Tangu muhula uishe, wenzangu wa kazini na madereva wawili wa masafa marefu wameshaniuliza: dada, lile somo lina faida, au ni maneno matupu ya wasomi? Nimekuwa nikiwajibu kwa vipande vipande kwenye simu. Leo nimekaa nijibu kwa kituo. Chuo sitakitaja jina, kwa sababu nina malalamiko nacho na sitaki kumwaibisha mtu. Ninachokipima ni somo.

Ada ya somo hili peke yake ilikuwa shilingi 450,000. Kwa pesa hiyo unapata wiki 14: kila Jumanne mhadhara wa saa mbili kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, na kila Alhamisi semina ya saa moja. Kompendiamu, yaani kitabu cha nakala za kusoma, hupewi. Unaifuata steshenari ng'ambo ya geti, kurasa 286, shilingi 22,000, imebanwa kwa waya wa plastiki. Yangu ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, na ukingo wa kulia wa kurasa nyingi ulikuwa umeliwa na mashine, kila mstari ukipoteza neno lake la mwisho.

Hilo lilinifundisha kitu wiki ya pili. Tulikuwa tunasoma Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, pale Athens ilipotuma wajumbe kisiwani Melos mwaka 416 kabla ya Kristo kuwataka wenyeji wasalimu amri. Wajumbe wanasema wazi kwamba haki huzungumzwa kati ya walio sawa kwa nguvu. Sentensi inayofuata, ile ya mwenye nguvu kufanya awezalo na mnyonge kuvumilia, ambayo karibu kila mwalimu wa rializimu, nadharia inayotazama nguvu kwanza, huanzia nayo, kwenye nakala yangu ilikatikia njiani. Mama mmoja tuliyekaa naye dawati moja, mwalimu wa sekondari kutoka Mbagala, akaniambia, "Andika tu mwenye nguvu mpishe, utakuwa umepatia." Nikaandika kwa penseli. Usiku nyumbani nikaona hatukupatia sawasawa. Wamelos hawakupisha. Wanaume wao waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Methali yetu inamshauri mnyonge kabla ya balaa. Thucydides anasimulia yaliyompata mnyonge aliyegoma. Nilipolisema hilo kwenye semina, mwalimu wa semina alinyamaza kidogo, kisha akasema nadharia nzima ya rializimu inaishi kwenye nafasi iliyo kati ya hayo mawili. Siku ile ndipo nilipoacha kuihesabu ile ada.

Sasa niseme ukweli kuhusu mihadhara. Mhadhiri wetu anaijua fani yake, hilo halina ubishi, lakini alifundisha kwa kusoma slaidi, na slaidi zilipanga nadharia kama masanduku kwenye ghala: sanduku la rializimu, la liberalizimu (biashara na ushirikiano), la umaksi, la konstraktivizimu (watu wanavyojiona na kuonana), na la mwisho limeandikwa "nyinginezo". Tulipewa tarehe na majina. Kiti cha kwanza cha uprofesa wa fani hii, Aberystwyth huko Wales mwaka 1919, vita vikuu vimekwisha jana tu. E. H. Carr akiwakosoa wenye ndoto za amani mwaka 1939. Kisha wanadharia na mwaka wa andiko la kila mmoja: Morgenthau mwaka 1948, Waltz mwaka 1979, Wendt mwaka 1992. Yote ya kweli, yote yanaulizwa kwenye mtihani. Ila mtu anayetoka kazini Kurasini saa kumi, akapambana na foleni ya Kilwa Road, akifika darasani kusomewa slaidi anazoweza kuzisoma mwenyewe, anapata haki ya kuuliza pesa yake inafanya nini.

Pesa ilikuwa inafanya kazi semina. Hapo nitakaa kidogo.

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, lakini mwalimu wetu wa semina, kijana aliyekuwa mwalimu msaidizi, alituruhusu kubishana kwa Kiswahili mradi tuandike kwa Kiingereza. Watu wengine waliona ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo sehemu bora ya somo lote, kwa sababu dhana inayopita kwa Kiingereza bila kupingwa, kwa Kiswahili inakwama mlangoni na kuulizwa kitambulisho. Mfano ni neno ambalo fani nzima imesimama juu yake, anaki. Mwenzetu mmoja alilitafsiri "ghasia". Semina nzima ikabishana. Waltz hasemi kwamba dunia ni ghasia. Anasema juu ya dola, yaani nchi yenye mamlaka kamili, hakuna mwenye mamlaka. Mimi nikatoa mfano wa kazini: mteja akinidhulumu, nina pa kwenda, kuna mahakama, kuna mamlaka ya mapato, kuna polisi. Dola ikidhulumiwa na dola jirani inapiga simu wapi? Inaweza kukaa kimya miaka 50 bila ghasia hata moja, na bado hakuna wa kupigiwa simu. Tukakubaliana kuandika "kutokuwa na mwamuzi wa juu". Ni maneno mengi, lakini tangu hapo hakuna aliyechanganya.

Ubishi wa pili ulikuwa juu ya dola, nchi, taifa na serikali. Vitabu vinadhani mambo haya yameshamalizika. Kwetu hayajamalizika. Mwaka 2008 Bunge letu liliwaka moto kwa swali moja tu, Zanzibar ni nchi au si nchi, na marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yakaitaja kuwa ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo kwa Kiswahili inawezekana kabisa kuwa nchi bila kuwa dola, na kila Mtanzania anaelewa unachosema. Mwalimu akatukumbusha Zanzibar ilivyojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa mwaka 1992 na ikabidi ijitoe mwaka uliofuata, kwa sababu dola inayotambulika duniani ni Muungano. Nilikuwa mtoto wakati huo. Jambo nililolisikia kama kelele za wanasiasa kwenye redio likageuka somo la mamlaka ya dola lililokamilika.

Wiki ya sita tukaingia vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Kyaka, palipo lile daraja lililobomolewa na majeshi ya Amin Novemba 1978, na baba yake mdogo aliondoka na mgambo hakurudi. Alizungumza kwa utulivu na darasa zima likamsikiliza. Kisha kazi ikaanza: nadharia ipi inaeleza vita hivi? Waltz, kwenye kazi yake ya mwaka 1959, anataka utafute chanzo cha vita mahali patatu: kwa mtu, ndani ya dola, na kwenye mpangilio wa dola zote. Wengi tulitaka kuishia kwa mtu, maana Amin anatosha kueleza mengi. Lakini mwalimu hakuturuhusu. Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, alikuwa kwetu tangu mapinduzi ya Januari 1971, na mwaka 1972 wapiganaji wake walivuka kutoka huku kwetu wakajaribu kumrudisha. Ukikaa Kampala, Tanzania ilionekanaje? Lilikuwa swali gumu kwa yule mwenzetu wa Kyaka, na alilijibu kwa uungwana kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Halafu mtu akaitaja ile hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978, inayokaririwa mpaka leo: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona maisha yangu yote, na hii hotuba nimeisikia mara mia. Uwezo ndio neno la rialisti, anahesabu bunduki na malori. Sababu ni neno la anayeamini sheria na haki kati ya mataifa, kwamba ardhi ya mtu imevamiwa. Nia ni neno la konstraktivisti, watu wanajiona nani na wanataka nini. Nyerere hakuchagua moja. Aliyaweka yote matatu kwenye pumzi moja kwa sababu alikuwa anawaambia wananchi waende kufa, na mtu haendi kufa kwa sanduku moja la nadharia. Niliandika hivyo kwenye insha yangu ya kwanza. Mwalimu akaongeza pembeni kwa wino mwekundu: na Monrovia je? Yaani mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1979, ambapo baadhi ya viongozi wa Afrika walimlaumu Nyerere kwa kuvuka mpaka na kuingia mpaka Kampala. Swali hilo moja lilinirudisha maktaba wikiendi nzima.

Lakini Alhamisi nitakayoikumbuka mpaka nazeeka ni ile ya Ziwa Nyasa.

Mimi kwetu Matema, wilaya ya Kyela, kaskazini kabisa ya ziwa. Nimekulia ufukweni, Jumamosi mama alikuwa akinituma gulioni Lyulilo kununua vyungu vya akina mama wa Kikisi vinavyoletwa kwa mitumbwi. Baba bado anavua. Mwalimu alipochora ziwa ubaoni, refu kama mhogo, akavuta mstari mmoja katikati na mwingine ufukweni upande wetu, mkono wangu ukaishika kalamu kwa nguvu. Akaeleza: mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uleule uliomwachia Mwingereza Unguja na kumpa Mjerumani kisiwa cha Helgoland, unaupitisha mpaka ukingoni mwa ziwa. Malawi inashikilia hapo, na inashikilia pia azimio la OAU la Cairo la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka tuliyoikuta wakati wa uhuru. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji, na imekuwa ikisema hivyo rasmi tangu mwaka 1967. Kusini kidogo, upande wa Msumbiji, ziwa hilohilo limekatwa katikati, kwa makubaliano ya Mwingereza na Mreno ya mwaka 1954. Ugomvi ukalala miaka mingi, ukaamka mwaka 2012 baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na usuluhishi ukapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Chissano wa Msumbiji.

Ukiufuata mstari wa ufukweni, baba yangu akisukuma mtumbwi hatua tatu ameshaingia ugenini bila pasipoti.

Nilimpigia usiku uleule. Nikamsalimia, nikamweleza nilichofundishwa. Akaniambia, "Mwanangu, sisi usiku tunafuata taa na usipa walipo. Tukikutana na wa Karonga tunaulizana habari za upepo. Mstari huo sijauona, lakini wakubwa wakigombana, wa kwanza kuogopa kwenda majini ni sisi." Niliyaandika maneno yake nyuma ya kompendiamu.

Semina iliyofuata tukaipima kila nadharia kwa ziwa hili. Rialisti akasema Tanzania ni kubwa kwa jeshi na watu, basi ingekuwa imeshachukua nusu yake. Mbona haijafanya hivyo? Liberali akajibu kwa biashara, na hapo nilikuwa na la kusema, kwa sababu mafuta na mbolea za Malawi zinapita bandari yetu na mimi mwenyewe nimesaini makaratasi ya mizigo hiyo Kasumulu na hapa Dar. Anayemtegemea jirani kwa bandari, na jirani anayepata mapato kwa mizigo hiyo, wote wana la kupoteza. Mtu wa umaksi akauliza mafuta ya ziwani yangekuwa ya nani hata kama mpaka ungejulikana. Swali zuri, na hakuna aliyelimaliza.

Kisha mwalimu akatoa jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumeliunganisha. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda kikosi maalumu cha kupigana mashariki ya Congo. Vikosi vyake vilitoka nchi tatu: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, chini ya kamanda Mtanzania. Yaani wakati ule ule ambao magazeti ya Dar na Lilongwe yalikuwa yanavimbiana juu ya ziwa, askari wetu na wao walikuwa wanalinda migongo ya wenzao Kivu Kaskazini, na mwaka ule ule waasi wa M23 wakashindwa. Eleza kwa nadharia moja, akasema. Hakuna aliyeweza. Ukichukua Wendt, kwamba kutokuwa na mwamuzi wa juu kunakuwa vile dola zenyewe zinavyokufanya kuwe, unapata nusu: Tanzania na Malawi zimejizoesha kuonana kama ndugu wanaogombania shamba, si maadui. Lakini hata ndugu wa shamba wameshawahi kushikiana panga. Nusu ya pili bado naitafuta.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, na nalisema kwa uchungu. Mada hizo mbili, Kagera na Ziwa Nyasa, hazikuwa kwenye mtaala. Mwalimu msaidizi aliziweka kwa hiari yake. Kwenye mtaala rasmi, Afrika ilikuja wiki ya kumi na tatu, ndani ya lile sanduku la "nyinginezo", dakika zisizozidi arobaini. Walter Rodney alifundisha hapa hapa Dar es Salaam, na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1972 kilichapwa London na Dar. Alipewa slaidi moja. Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeuliza tangu mwaka 1967 ni nani anayestahili kulinda amani ya Afrika, alipewa nusu ya slaidi. Hakuna aliyetaja mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipotubana kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, ikaondoa msaada wa kijeshi, na Nyerere akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Tukio hilo linafundisha kuhusu dola ndogo na mashinikizo ya dola kubwa kuliko kurasa thelathini za kompendiamu, na lilitokea kwetu, na wapo wazee hai wanaolikumbuka. Mwanafunzi anaweza kumaliza somo hili akiijua Melos na asiijue Mbamba Bay ya Ziwa Nyasa. Hilo si sawa, na linarekebishika kwa kalamu ya mtu mmoja anayepanga mtaala.

Mengine niyapitie haraka. Ratiba ilibadilishwa mara nne, mara mbili tukiwa tumeshafika. Maktaba ni nzuri, na yule mkutubi wa zamu ya usiku, ubarikiwe popote ulipo. Insha ya pili ilirudishwa baada ya mtihani, kwa hiyo masahihisho yake hayakunisaidia. Mtihani wenyewe ulikuwa wa haki: maswali sita, unajibu matatu, saa tatu. Nilipata B+, na nilistahili.

Nani ajiandikishe? Kama unafanya kazi inayovuka mpaka, forodha, usafirishaji, uhamiaji, mashirika, jiandikishe. Utaona kila siku kazini vitu ulivyokuwa ukivipita. Juzi dereva wa Lilongwe amekaa siku tatu yadi akisubiri kibali, na badala ya kuona karatasi tu niliona nchi isiyo na bahari ikisubiri nchi yenye bahari, nikampigia simu bosi wangu mara mbili zaidi ya kawaida. Kama unatafuta cheti tu cha kupandia daraja, yapo masomo mepesi zaidi. Kama Kiingereza chako kimelala, tafuta kikundi cha watu watatu au wanne wiki ya kwanza, msome pamoja kwa Kiswahili. Sisi tulikuwa watatu, tulikutana Jumapili baada ya misa kwa yule mama wa Mbagala, na wote tumefaulu. Usinunue kompendiamu bila kuifungua hapo hapo dukani na kukagua ukingo wa kulia, ukurasa kwa ukurasa. Na kabla ya kulipa, uliza semina itafundishwa na nani, kwa jina. Kuliko swali lolote kuhusu ada, hilo ndilo la kuuliza.

Somo hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano wataipata siku wiki ya kumi na tatu itakapohamia wiki ya pili.

Muhula huu nimechukua sheria ya mikataba ya kimataifa. Nataka kuusoma ule mkataba wa 1890 kifungu kwa kifungu, nione mstari uliandikwaje. Baba ameniambia nikiupata nimsomee kwa simu.